Mchumba Asiyesema

"Hata kucheka usicheke," Dokta alimwambia, akizungusha bendeji shingoni mwake kwa mara ya tatu.

Chiriku akacheka papo hapo.

"Unaona? Hicho hicho! Kicheko chako kinasikika mpaka barabarani. Mama akikisikia tu, tumekwisha."

"Si ndicho ulichokipenda?"

"Nimekipenda mimi. Mama bado."

Walikuwa kwenye kijichumba cha nyuma cha duka la dawa, Chiriku amekaa juu ya boksi la dawa za kikohozi, Dokta amepiga magoti mbele yake kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kukosa. Dokta hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia, ila mtaa mzima ulimwita hivyo na alishachoka kuwasahihisha watu. Chiriku naye alikuwa msusi kwenye saluni ya upande wa pili wa ukuta. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu mtu akikaa kwenye kiti chake anainuka amesukwa, amecheka, na habari za mtaa mzima amezipata bure.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Dokta alianza kumpenda kwa masikio kabla ya macho. Alikuwa anapima dawa huku anamsikiliza, wagonjwa wanangoja, mpaka siku moja akavuka akaomba kuazima mkasi, na dukani kwake mikasi ilikuwa imejaa droo nzima. Chiriku alimpa mkasi na maneno mawili matatu ya utani, na tangu siku hiyo Dokta hakurudisha mkasi wala moyo.

Tatizo lilikuwa mama mtu. Huyo alikuwa mwenye shule, shule yenye geti refu na sare za bei mbaya, na watu walimwita Madamu hata sokoni. Nyumbani kwake Kiswahili kiliishia jikoni. Mezani na sebuleni kilikuwa Kizungu mtindo mmoja, na alishatangaza kwamba mwanawe wa kiume wa pekee hataoa msichana "asiye na lugha." Chiriku alikuwa na lugha ya kutosha watu kumi, ila siyo ile Madamu aliyokuwa anaihesabu. Kukisikia Kizungu alikuwa anakisikia vizuri, maana sinema na wateja wa kila aina vilishamfundisha. Kukisema ndiyo ilikuwa ngoma nzito. Akijaribu tu, jasho linamtoka na ulimi unagoma kama punda.

"Nimemwambia mama umefanyiwa upasuaji mdogo wa koo," Dokta akasema. "Daktari amekukataza kusema mwezi mzima."

"Upasuaji wa ndani ya koo unafungwa bendeji nje?"

"Haufungwi. Lakini mama anaamini anachokiona."

"Na mwezi ukiisha?"

"Atakuwa ameshakupenda. Mtu akishakupenda, ukija kufungua mdomo anazoea." Akamshika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nakuomba, Chiriku. Siku moja tu. Nikikukosa wewe sijui nitaishi vipi, na nikigombana na mama sijui nitaishi vipi. Nisaidie nisichague."

Mtu mwingine angemwuliza mwanaume mzima kama yule kwa nini hataki kuchagua. Chiriku hakuuliza. Mapenzi yakikolea, mtu huona busara pale ambapo jirani yake anaona wazimu. Akamrekebisha kola ya shati, akafunga mdomo, na kwa ishara ya kidole akamwonyesha mlango: twende.

*

Sebule ya Madamu ilikuwa na zulia ambalo Chiriku aliogopa kulikanyaga. Ukutani kulikuwa na picha za mahafali, nyingi mno, na chini yake alikaa Madamu mwenyewe, mwembamba, amenyooka, miwani ikining'inia kifuani. Pembeni alikaa dada mtu, mkubwa wa Dokta, ambaye naye alifundisha kwenye shule ya mama yake na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia viatu.

Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kizungu.

"Masikini," Madamu akasema, akiitazama bendeji. "Anaumwa sana?"

"Anaendelea vizuri, mama," Dokta akajibu.

"Anashughulika na nini?"

"Mambo ya urembo. Ana biashara yake."

Chiriku alikuwa na kiti kimoja cha kusukia, na hicho kimoja kilikuwa cha mwenye saluni. Akatabasamu bila kuonyesha meno, kama alivyofundishwa.

"Na wazazi?"

"Baba alifariki zamani. Mama yake anafanya biashara ya nguo." Dokta akakohoa kidogo. "Kwa sasa yuko ng'ambo."

Tabasamu likamganda Chiriku mdomoni. Mama yake saa ile alikuwa sokoni, ametandika nguo za mitumba chini, sauti imemkauka kwa kuita wateja. Ng'ambo aliyowahi kuvuka ni ya barabara. Hili hawakulipanga kule dukani. Alimgeukia Dokta, naye akawa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Ng'ambo, vizuri," Madamu akasema, na uso wake ukalainika. Akavuta kalamu na karatasi kutoka mezani. "Lakini jamani, kwa nini tusiongee naye? Mpe aandike."

Roho ya Chiriku ikapaa. Kuandika Kizungu! Hata bendeji kumi zisingemficha.

"Hapana, mama!" Dokta alisema kwa haraka mno. "Daktari amekataza. Mtu akiandika, koo nalo linajaribu kutamka. Misuli inajisahau."

"Kweli?"

"Ni jambo jipya la utafiti."

Dada mtu aliinua nyusi, lakini Madamu aliirudisha kalamu. Mwanawe alikuwa msomi na yeye ndiye aliyemsomesha, kwa hiyo kumwamini ilikuwa ni kujiamini mwenyewe. Chiriku alitamani kucheka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Alijifinya paja mpaka machozi yakamlenga, na Madamu akadhani ni maumivu ya koo.

"Pole, binti yangu," akasema, akamsogezea sahani ya biskuti. "Unajua, napenda ulivyotulia. Aliwahi kuletwa msichana hapa, si na huyu, na binamu yake. Mzuri kama picha. Akafungua mdomo, picha ikaanguka ukutani." Dada mtu akacheka. "Akasema neno moja tu la kusalimia, na ile lafudhi ya kwao, nikajua watoto wake wataongea vipi. Mtoto akikosea lugha, mlango wa kwanza unamfungia, na wa pili, na wa tatu. Mimi siwachukii watu. Nimeona tu milango."

Hapo alisema kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililomwogopesha Chiriku. Adui mwenye ukatili unajua pa kumshikia. Huyu alikuwa anaamini.

"Shuleni kwangu hawapati nafasi ya kukosea," Madamu akaendelea. "Mtoto akishikwa anaongea Kiswahili, anavikwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Muhula mmoja tu, ulimi umenyooka."

Mkono wa Chiriku ulipanda wenyewe hadi kwenye bendeji. Kibao alikuwa anakijua. Shuleni kwao kilikuwa cha mbao, kizito, kimetobolewa kwa msumari, na kamba yake ilikuwa inawasha. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, kwa hiyo kilimkaa yeye kuliko wote, na hakuwahi kumkamata mwenzake kwa sababu aliona haya kumvika mtu kitu kile. Mwishowe akaacha kunyoosha mkono darasani, kisha akaacha kuja. Na sasa amekaa kwenye sebule ya watu, amekua, ana mchumba, na shingo ile ile imefungwa tena. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeifunga anampenda.

"Wageni wamekuja na mimi sijaambiwa?"

Sauti ilitoka kwenye korido, kwa Kiswahili. Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani, shuka mabegani. Alikuwa mama mzazi wa Madamu.

"Mama, tafadhali," Madamu akasema kwa Kizungu, akainuka nusu. "Tuna mgeni."

Bibi hakujua Kizungu hata chembe, na binti yake alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Bibi akaja hivyo hivyo, polepole, akashika kiti, akashika meza, akajishusha kwenye kochi ubavuni mwa Chiriku.

"Usimjali," dada mtu alimnong'oneza mgeni. "Akili zimechoka."

Akili za bibi hazikuwa zimechoka popote. Alimtazama Chiriku kwa macho makavu, yenye udadisi.

"Hujambo, mwanangu?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Mbona shingo imefungwa? Unaumwa? Pole." Akamshika mkono, akauweka kwenye mapaja yake, akawa anavipapasa vidole kimoja kimoja. Kwenye kidole cha shahada akasimama. "Hapa pamekomaa. Wewe ni msusi."

Siri yote ilikuwa imesemwa wazi, katikati ya sebule. Chiriku akamtazama Madamu. Madamu alikuwa anamwongezea mwanawe chai. Hakuwa amesikia, kwa sababu maneno ya mama yake alikuwa ameshazoea kuyaacha yapite.

"Uje unisuke siku moja," bibi akasema. "Kichwa hiki tangu lini hakijashikwa na mtu! Ukiwa unasuka tutazungumza. Humu ndani, mwanangu, nazungumza na kuta. Huyu mjukuu wangu alikuwa ananijibu zamani, akiwa mdogo, kwa kunong'ona, mama yake asisikie. Siku hizi naye kimya." Akakibana kile kidole. "Wewe nijibu. Neno moja tu. Niambie ndiyo, nilale nikijua kuna mtu atakuja."

Chiriku aliinua macho akamtazama Dokta.

Walitazamana kwa muda ambao chai ingeweza kupoa. Yale yalikuwa macho aliyoyazoea, macho yaliyokuwa yakimfuata kwenye kioo cha saluni, yakimcheka, yakimbembeleza. Leo hayakumbembeleza. Yalikuwa yanaogopa. Yalikuwa yanamwambia, nakuomba, usiniangushe, tumebakiza kidogo. Alikuwa amesikia kila neno la bibi yake. Amesikia, na bado anaomba kimya.

"Ndiyo, bibi" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Maneno mawili. Angeyasema, angempoteza mwanaume huyu hapo hapo alipokaa.

Chiriku akayameza.

Bibi alisubiri. Alisubiri vya kutosha mtu kukohoa, kupumua, kujiandaa. Kisha akauinua ule mkono, akaurudisha taratibu kwenye mapaja ya Chiriku, akaupigapiga kidogo.

"Haya," akasema. "Kumbe na wewe ni mmoja wao."

Dada mtu akaja akamwinua, akamrudisha chumbani kwake. Madamu aliomba radhi kwa usumbufu, na wakati wa kuagana akamshika Chiriku mashavu kwa mikono yote miwili.

"Huyu mlete tena," alimwambia mwanawe. "Huyu nimempenda."

*

Dokta alijizuia mpaka walipotoka nje ya geti. Hapo akamnyanyua Chiriku juu, akamzungusha, akamshusha kando ya ukuta ambako maua yalikuwa yananing'inia.

"Umesikia? Amekupenda! Mama hajawahi kumwambia mtu hivyo, hata dada! Chiriku, umeweza! Tumeoana tayari, kilichobaki ni tarehe!"

Chiriku akajitoa mikononi mwake.

"Sema basi, tumeshatoka. Unaruhusiwa."

"Naruhusiwa," Chiriku akasema. Sauti yake ilitoka na mikwaruzo, kana kwamba koo linauma kweli. "Mama yangu yuko ng'ambo gani?"

Furaha ya Dokta ikapungua. "Ilinitoka tu. Aliuliza ghafla."

"Siku ya harusi atarudi kutoka hiyo ng'ambo?"

Dokta akatazama chini. Alikuwa ameshafikiria, Chiriku aliona. Alikuwa ameshapanga mpaka mwisho, peke yake.

"Nilikuwa nasema... yeye tumfanyie sherehe yake. Kule nyumbani kwenu, ya peke yake, nzuri kabisa. Hapa kutakuwa na wazazi wa shule, kutakuwa na hotuba. Atakaa hajui kinachosemwa. Nami sipendi aaibike."

"Aaibike yeye au uaibike wewe?"

"Chiriku..."

"Au na yeye tumfunge bendeji? Unazo dukani. Tuseme ukoo wetu wote unaumwa koo!"

"Usipige kelele, wanasikia."

"Nani anasikia? Bibi yako kaitaja kazi yangu mle ndani na hakuna aliyesikia!" Machozi yakaanza. "Kaniomba neno moja. Moja! Na mimi nimemnyima, kwa ajili yako. Sijawahi kumnyima mtu neno tangu nizaliwe."

Dokta akaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amechoka.

"Unadhani mimi naona raha?" akasema. "Nilikuwa mtoto, naomba maji. Nikiomba kwa Kiswahili, mama hanisikii. Ananitazama usoni na hanisikii. Nakaa na kiu mpaka nikumbuke neno la Kizungu. Mpaka leo nikiwa na homa naogopa kuomba maji. Kwako napumzika, Chiriku. Nikikusikia upande wa pili wa ukuta, mwili wangu wote unapumzika. Usininyang'anye hilo."

Moyo wa Chiriku ukakatika vipande. Alimpenda, jamani. Alimpenda pale pale alipokuwa anamkasirikia, na angeweza kumkumbatia, angeweza kumwambia yameisha. Alimfuta jasho la paji la uso kwa kiganja chake.

"Unapumzika kwangu," akasema polepole. "Unaishi kwao. Na watoto wetu je? Wakija kuniomba maji kwa lugha ninayowaimbia usiku, nisiwasikie?"

"Tutaona. Mambo yatabadilika polepole."

"Rudi ndani sasa hivi. Mwambie mama yako: mchumba wangu anaongea. Ni msusi. Mama yake anauza mitumba. Mwambie kwa Kizungu, mwambie kwa lugha yoyote, mimi nitakaa hapa getini nikusubiri hata akikufukuza. Akikufukuza, twende kwetu. Chumba kimoja kinatutosha."

Dokta aliitazama nyumba. Aliitazama muda mrefu, madirisha yake, taa ya ukumbini iliyokuwa imewashwa. Midomo yake ikafunguka kidogo.

"Siyo leo," akasema. "Leo amefurahi. Nipe muda."

Chiriku akatikisa kichwa. Akaishika ile bendeji, akaanza kuifungua, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaikunja vizuri kama kitu cha watu, akamwekea Dokta mfukoni mwa shati. Halafu akageuka akaanza kutembea.

"Chiriku!"

Hakugeuka.

"Chiriku! Chiriku mpenzi wangu, rudi! Nakupenda!"

Alikuwa hajawahi kusikia Dokta akipaza sauti hivyo, tena kwa Kiswahili, tena mbele ya nyumba ya mama yake, barabara nzima ikisikia. Miguu yake ikasimama yenyewe. Tumaini ni kitu kisicho na aibu. Alifikiri, anakuja. Ameweza. Akikimbia sasa nitamsamehe yote.

Nyuma yake dirisha likafunguliwa.

"Unamwita nani?" ilikuwa sauti ya Madamu, kwa Kizungu, haina hata hasira. "Kuna nani hapo nje?"

Barabara ilikuwa kimya. Chiriku alikuwa amesimama umbali wa kusikia pumzi.

"Hakuna mtu, mama," Dokta akajibu kwa Kizungu, kwa ile sauti laini, safi, ya mtoto aliyesomeshwa vizuri. "Ni muuzaji tu. Ameshapita."

Dirisha likafungwa. Chiriku alisubiri hatua za viatu nyuma yake, akazisikia, zikakwaruza kokoto kidogo zikielekea upande wa pili, na geti likajifunga kwa mlio mdogo.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti yake yote, ile iliyokuwa inasikika mpaka barabarani, na watu wakageuka kumtazama, na mama mmoja akamwuliza kwa upole amefiwa na nani. Chiriku akafungua mdomo amjibu, na safari hii maneno yenyewe ndiyo yaliyokataa kuja.